Namna ya Kutambua Uharibifu wa Ndani wa Diski Kuu Bila Kuumaliza Uhai Wake

Mtu anapoleta diski kuu iliyogoma, jambo la kwanza ninalomuuliza ni mara ngapi imewashwa tangu ilipoanza kusumbua. Wengi hushangaa, kwa sababu walitarajia kuulizwa ukubwa wake au aina ya mafaili yaliyomo. Hata hivyo, jibu la swali hilo hunieleza mengi kuliko lebo iliyobandikwa juu ya kasha. Diski iliyoanguka ikazimwa papo hapo haifanani kabisa na diski iliyoanguka, kisha ikachomekwa na kuchomolewa kwa siku kadhaa na kila jamaa aliyedhani anaweza kuifufua, hata kama zote mbili zinatoa mlio ule ule. Baada ya miaka ya kuokoa data za watu nimeshika msimamo mmoja ambao makala haya yote yanauzunguka: kuchunguza diski iliyokufa ni kujua yale tu yanayotosha kuamua hatua inayofuata, na kuyajua kwa njia inayoharibu kidogo kuliko zote.

Ili msimamo huo ueleweke, ni lazima tuone kilichomo ndani ya kasha la chuma. Diski kuu ina sahani moja au zaidi, za alumini au za kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku ambao ndio unaobeba data. Sahani hizo zimefungwa kwenye mota inayozizungusha, katika diski nyingi za kawaida, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kila uso unaotumika wa sahani una kichwa chake cha kusomea na kuandikia, na vichwa vyote hubebwa na mkono mmoja unaosukumwa na koili iliyowekwa katikati ya sumaku zenye nguvu. Vichwa havikusudiwi kugusa sahani. Mzunguko wa sahani hukokota hewa, na hewa hiyo huviinua hadi kimo cha nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukingo wa nje wa sahani ya diski ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hupita chini ya kichwa kwa mwendo wa takriban kilomita 130 kwa saa.

Ukizitafakari tarakimu hizo mbili kwa pamoja, yaani kimo cha nanomita chache na mwendo wa gari la barabara kuu, utaelewa kwa nini kuwasha si jambo dogo. Kichwa kilichopinda au kung'oka kidogo hukwangua utando wa sumaku, na utando uliokwanguliwa hugeuka vumbi. Vumbi hilo husambazwa ndani ya kasha na upepo wa sahani zenyewe, likaingia chini ya vichwa vilivyokuwa bado vizima, navyo vikaanza kukwangua. Uharibifu wa namna hii hujilisha wenyewe, na chakula chake ni umeme unaoipa mota. Data iliyokuwa mahali palipokwanguliwa haifichwi wala haifungiwi mahali. Haipo tena, na hakuna programu wala mtaalamu atakayeirudisha.

Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa mazungumzo, diski ikiwa imezimwa. Ninataka kujua kama ilianguka, ilianguka kutoka kimo gani, juu ya nini, na zaidi ya yote, kama ilikuwa inazunguka wakati huo. Diski za kisasa zinapozimwa huegesha vichwa vyake kwenye ngazi ndogo ya plastiki iliyo kando ya sahani, na diski nyingi za zamani huviegesha kwenye ukanda wa ndani wa sahani usio na data. Umeme ukikatika ghafla, mota inayoendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki hugeuka jenereta na kutoa umeme unaotosha kuvirudisha vichwa kwenye maegesho. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, kwa sababu umeokoa data nyingi bila wenyewe kujua. Lakini haufanyi kazi pale diski inapogonga sakafu vichwa vikiwa juu ya sahani. Ndiyo maana karatasi za vipimo za watengenezaji hutoa viwango viwili vya kuvumilia mshtuko, kimoja diski ikifanya kazi na kingine ikiwa imezimwa, na cha pili huwa kikubwa zaidi kwa mbali.

Katika mazungumzo hayo ni vyema kuuliza kwa upole na kurudia swali kwa namna nyingine, maana watu huona haya kusema kwamba waliiangusha diski. Atasema iligoma tu yenyewe, kisha baada ya dakika kumi atakumbuka kwamba mtoto alivuta waya na diski ikateleza kutoka mezani. Hakuna haja ya kumlaumu. Kinachohitajika ni ukweli, kwa kuwa ukweli huo unaweza kukuzuia usiiwashe hata mara moja. Ninauliza pia kama iliingia maji, kama umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kama ilichomekwa chaja isiyo yake, na kama kabla ya kufa ilikuwa imeanza kuwa nzito, kugandisha kompyuta au kupoteza mafaili. Diski inayokufa ghafla na ile iliyodhoofika kwa wiki kadhaa huelekeza sehemu tofauti za mwili wake.

Baada ya maneno huja macho. Kasha lenye mbonyeo, kona iliyopondeka au skrubu zilizochunika rangi husimulia habari zake. Ukiona skrubu za kifuniko zimeguswa au lebo imetobolewa mahali ambapo skrubu iliyofichwa hukaa, jua kwamba kuna mtu alishaifungua kabla yako, na kuanzia hapo uichukulie diski hiyo kuwa na vumbi ndani. Ninainusa bodi, yaani ubao wa saketi za umeme ulio upande wa chini wa kasha. Chipu inayoendesha mota ikiungua huacha harufu isiyosahaulika, na mara nyingi huacha doa au tundu dogo mgongoni mwake. Bodi nyingi hushikiliwa na skrubu chache upande wa chini na kuiondoa hakufungui chumba cha sahani, hivyo ni hatua salama kwa mtu mwenye bisibisi sahihi na aliyejikinga dhidi ya umemetuli. Upande wa ndani wa bodi kuna vituo vya shaba vinavyogusana na viunganishi vya mota na vya vichwa. Vituo hivyo vikishika ukoko mweusi, mawasiliano kati ya bodi na vichwa huyumba, na diski inaweza kutoa mlio wa kutisha ilhali ndani mna afya njema. Nimeona diski zilizohukumiwa kufa ambazo ugonjwa wake ulikuwa huo tu, na kifutio laini cha penseli pamoja na spiriti safi vikatosha.

Mita ya umeme huongeza mengi kwenye hatua hii. Karibu na kiunganishi cha umeme kuna diodi za kinga, kwa kawaida moja kwa ajili ya volti 5 na, katika diski za inchi 3.5, nyingine kwa ajili ya volti 12. Kazi yake ni kujitoa mhanga: volti zikizidi, diodi hujifunga na kuupeleka umeme wote ardhini ili chipu zilizo nyuma yake zisiungue. Ukiipima na ukapata ukinzani wa karibu sufuri pande zote mbili, imeshatimiza wajibu wake. Hili hutokea sana kwa diski za nje zilizochomekwa chaja ya kompyuta mpakato ya takriban volti 19 kwa sababu tu ncha yake iliingia. Diodi hiyo ikiondolewa, diski inaweza kuamka, lakini kuanzia hapo haina kinga tena, na inapaswa kutumika kwa kunakili data pekee, kwenye chanzo cha umeme kisichotiliwa shaka. Mota nayo hupimwa kupitia vituo vyake: ukinzani kati ya koili moja na nyingine huwa wa ohm chache tu, na la muhimu zaidi ni kwamba vipimo hivyo vilingane. Koili moja ikikosa kipimo kabisa, mota yenyewe ndiyo iliyokatika.

Hapa inanibidi nisimame kidogo kwenye ushauri unaosambaa sana, wa kununua bodi inayofanana na kuibadilisha. Ushauri huo uliwahi kufaa. Kwa miaka mingi sasa kila diski hutoka kiwandani ikiwa na vipimo vyake yenyewe, vilivyopatikana kwa kuvipima vichwa vyake na sahani zake, na sehemu ya vipimo hivyo huhifadhiwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi. Ukiweka bodi ya diski nyingine, hata ya modeli ile ile, unavipa vichwa maelekezo ya vichwa vingine. Diski itazunguka, itabisha kwa mlio wa kugonga-gonga, na mtu atahitimisha kwamba vichwa vimekufa, ilhali kilichokosekana ni kuihamisha chipu ya kumbukumbu kutoka bodi ya zamani hadi mpya. Uchunguzi uliofanywa kwa bodi ngeni bila kuhamisha chipu hiyo hauna thamani yoyote.

Kwa diski za nje, kabla ya kwenda mbali zaidi, kasha na waya wa USB vinapaswa kuondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Waya mbovu au soketi iliyolegea huweza kuiga dalili nyingi za kifo, hasa diski inapowaka na kuzimika kwa kupokezana. Tahadhari ni kwamba baadhi ya makasha hufunga data kwa msimbo wa siri kupitia bodi ndogo ya kasha, kwa hiyo bodi hiyo haitupwi hata kama diski imetolewa na kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta.

Kama mazungumzo na macho havijatoa sababu ya kutoiwasha, ndipo huja zamu ya masikio. Ninaiandaa nafasi hii kwa uangalifu: chumba kimya, diski juu ya kitu laini kisichoteleza, umeme ulio imara, kebo ya data ikiwa imechomolewa ili kompyuta isianze kuomba chochote, na mkono mmoja ukiwa karibu na swichi. Kiganja kikiwa juu ya kasha husikia mtetemo ambao sikio hukosa. Sekunde kumi hadi kumi na tano zinatosha, na ni vizuri kurekodi sauti kwa simu ili usilazimike kuiwasha tena kwa ajili ya kumsikilizisha mtu mwingine.

Kimya kabisa, bila mtetemo wowote, mara nyingi humaanisha bodi au umeme, na kati ya majibu yote hili ndilo lenye matumaini zaidi. Mlio mwembamba wa kulia na kukatika, huku sahani zikikataa kuzunguka, humaanisha kwamba mota inapewa umeme lakini kuna kitu kimeizuia. Ama vichwa vimekwama juu ya sahani badala ya kurudi kwenye maegesho, ama beringi ya mota imekaza baada ya kugongwa. Nyuso za kichwa na sahani ni laini kiasi kwamba zikikutana bila mzunguko hushikana. Anayeilazimisha diski ya namna hii kuzunguka kwa kuitikisa au kuigonga na bisibisi anaweza kuving'oa vichwa kwenye mikono yake. Vichwa vilivyokwama, vikiondolewa kwa zana na mikono inayofaa, mara nyingi huacha sahani nzima na data kamili, kwa hiyo kuigonga diski hiyo ni kuharibu kitu kilichokuwa kinaokoka.

Sauti ya kukwaruza, kama kisu kinachonolewa kwenye jiwe, haihitaji tafsiri ndefu. Zima mara moja. Usimalize sekunde kumi, usirekodi, usihakikishe. Kichwa kinagusa sahani, na kila mzunguko unachukua kitu.

Kubisha ndiko kunakohitaji subira kubwa zaidi, kwa sababu ni dalili moja yenye visababishi vingi. Sahani zinapofikia kasi yake, vichwa hutoka kwenye maegesho na kutafuta alama maalumu zilizoandikwa kiwandani ambazo huuambia mkono mahali ulipo. Visipoziona, mkono hurudi ukagonga kizuizi chake na kuanza upya, na huko kugonga ndiko tunakokusikia. Sababu inaweza kuwa vichwa vilivyokufa, chipu ya kukuza mawimbi iliyo kwenye mkono kuungua, alama zenyewe kukwanguliwa, sahani kusogea kutoka kitovu chake baada ya kuanguka, vituo vya bodi kuwa na ukoko, au bodi ngeni isiyo na vipimo sahihi. Anayekuambia kwamba kubisha ni vichwa tu amekupa jibu linalotokea mara nyingi, lakini hajaichunguza diski yako.

Ninachosikiliza ni mpangilio wa mabisho hayo. Yakianza mara tu sahani zinapofikia kasi, yakaenda kwa mapigo yanayolingana, kisha mota ikasimama yenyewe, vichwa havisomi kitu chochote, na historia ya kuanguka huuzidishia uzito ushahidi huo. Diski ikitulia, ikatambuliwa na kompyuta, kisha ikabisha tu inapoombwa data ya eneo fulani, basi vichwa vinaona na tatizo liko kwenye eneo hilo la sahani au kwenye kichwa kimoja kilichodhoofika. Ikigonga mara moja au mbili na kunyamaza, halafu ikajitambulisha kwa ukubwa wa sufuri au kwa jina la kiwandani lisilofanana na lebo, ninashuku eneo la huduma, yaani sehemu ya sahani ambako diski huhifadhi programu yake yenyewe ya ndani. Hilo ni tatizo ambalo mara nyingi hutatuliwa bila kufungua kifuniko, kwa vifaa vya kitaalamu vinavyozungumza na diski kwa amri za kiwandani.

Kuna diski ambazo huzunguka kwa sauti ya kawaida kabisa na kutambuliwa vizuri, lakini ni nzito kupindukia. Hapa husaidia rekodi za SMART, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Sifa namba 5 huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kubadilishwa, namba 197 sekta zinazosubiri hukumu, namba 198 zile zilizoshindikana kusomeka, na namba 10 majaribio ya ziada ya kuzungusha mota. Namba 199 ikipanda huku nyingine zikibaki sufuri, shuku kebo kabla ya kushuku diski. Sifa namba 1 ya baadhi ya watengenezaji huonyesha tarakimu kubwa zinazoogofya ambazo kwa kweli ni namna yao tu ya kuandika, kwa hiyo isikutie hofu peke yake. Na usizigeuze rekodi hizi kuwa cheti cha afya. Wahandisi wa Google walipochapisha mwaka 2007 uchunguzi wao wa zaidi ya diski 100,000, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote kwenye zile ishara nne za SMART zilizoonekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini waligundua pia kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski zisizo na kosa hilo. Funzo ninalolichukua ni la upande mmoja: rekodi mbaya iamini, rekodi nzuri usiitegemee.

Diski inayotambuliwa ni lazima inakiliwe yote, sekta kwa sekta, kabla ya jaribio lolote la kutengeneza. Programu za kukarabati mfumo wa mafaili huandika juu ya diski ile ile inayokufa na kuilazimisha isome tena na tena mahali palipoumia, na mimi huzihesabu miongoni mwa wauaji wakubwa wa data. Programu kama GNU ddrescue hufanya kinyume chake. Huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, huruka palipo pagumu, na huweka ramani ya yaliyopatikana ili kazi iweze kusimamishwa na kuendelezwa.

Ramani hiyo ni chombo cha uchunguzi ambacho watu wachache hukitazama kwa jicho hilo. Diski huandika data kwa kupokezana nyuso: eneo fulani kwa kichwa cha kwanza, linalofuata kwa cha pili, kisha kwa cha tatu, halafu hurudi tena kwa cha kwanza. Ukiona kwenye ramani mistari ya mapengo inayojirudia kwa vipindi vinavyofanana kuanzia mwanzo hadi mwisho wa diski, kichwa kimoja kimekufa na vingine ni vizima. Ukiona mapengo yamejikusanya mahali pamoja, huenda uso umekwanguliwa hapo. Mapengo madogo yaliyotawanyika kote bila mpango huashiria uchovu wa jumla au vichwa vinavyodhoofika. Haya yote unayajua bila kugusa skrubu hata moja ya kifuniko, na katika hali ya kwanza unaweza kukamilisha nyuso nzima na kumwachia mtaalamu ule uso mmoja tu.

Sasa kufungua. Nimekuacha kuwe mwisho kwa sababu ndiko kunakostahili kuwa mwisho. Video nyingi za mtandaoni zinaonyesha diski ikizunguka bila kifuniko juu ya meza ya kawaida, na ni kweli kwamba nyingi huendelea kuzunguka kwa muda. Lakini chembe moja ya vumbi la nyumbani ni kubwa mara maelfu kuliko nafasi iliyo kati ya kichwa na sahani. Wataalamu hufungua diski kwenye chumba safi au meza yenye mkondo wa hewa iliyochujwa, na kipimo kinachotajwa sana ni daraja la ISO 5, yaani hewa isiyozidi chembe 3,520 za ukubwa wa mikromita 0.5 au zaidi katika mita moja ya ujazo. Kama huna mazingira hayo na data ina thamani kwako, usifungue. Diski zilizojazwa heliamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2013, ni suala zito zaidi, kwa sababu zimefungwa kabisa na gesi hiyo ina uzito wa karibu moja ya saba ya hewa. Vichwa vyake vimesanifiwa kuelea ndani yake, na kifuniko kikishatobolewa huwezi kuirudishia diski hiyo mazingira yake kwa mikono mitupu.

Kwa anayefungua mahali panapofaa, au kwa anayefungua diski isiyo na data ya thamani ili ajifunze, hivi ndivyo vitu vya kutazama. Mwanga uje kutoka ubavuni kwa pembe ya chini. Uso mzima hurudisha taswira bila dosari, na pete hata moja nyembamba ni mkwaruzo. Tazama kichujio kidogo cheupe kilicho pembeni mwa sahani, kwa maana upepo wa ndani hupeleka vumbi lote huko: kikiwa cha kijivu au cheusi, kuna uso unaokwanguliwa hata kama uso wa juu unaouona ni safi. Hili ndilo jambo ninalosisitiza zaidi kwa wanaojifunza, kwa kuwa uso wa juu ni mmoja tu kati ya nyuso kadhaa, na zilizobaki huonekana kwa kioo kidogo na uvumilivu. Tazama ngazi ya maegesho kama ina vipande au poda. Kisha vichwa vyenyewe, chini ya hadubini: kipande kidogo cheusi kilicho nchani mwa kila mkono kinatakiwa kiwe kimekaa sawa, kikiwa safi na kisichopinda. Kikikosekana, kipo mahali fulani ndani ya kasha, na diski isizungushwe hadi kipatikane. Katika diski nyingi za kompyuta mpakato sahani ni za kioo, na mkwaruzo uliokomaa hula utando wote hadi kioo kikawa wazi na unaona upande wa pili. Sahani iliyofikia hapo imemaliza habari yake.

Kutokana na hayo hukumu hupatikana, na ningependa fundi aitoe kwa mwenye diski bila kuificha. Bodi iliyoungua, diodi iliyojifunga na ukoko kwenye vituo vina matumaini makubwa. Vichwa vilivyokwama au kufa huku sahani zikiwa safi vinahitaji diski ya kufadhili vipuri inayolingana kwa modeli na toleo, pamoja na mtu aliyezoea kuhamisha vichwa, na mara nyingi matokeo ni mema. Mkwaruzo mdogo kwenye uso mmoja huacha uwezekano wa kuokoa sehemu. Pete pana kwenye nyuso kadhaa hazina tiba. Mtu anayeambiwa hili mapema huokoa fedha na, pengine muhimu zaidi, huacha kuzunguka kwa mafundi akitafuta jibu tofauti. Ni habari inayouma, kwa kuwa mara nyingi kilichopotea ni picha za marehemu au kazi ya miaka, na inastahili kutolewa kwa sauti ya mtu aliyeelewa uzito wake.

Kuna ushauri wa zamani wa kuiweka diski kwenye friza. Usiufuate. Hewa iliyo ndani ina unyevu, na diski baridi ikirudi kwenye joto la chumba hukusanya matone juu ya sahani na bodi. Vivyo hivyo, diski iliyoingia maji haikaushwi juani wala kwa kikausha nywele. Diski za kawaida zina tundu dogo la kupumulia linaloweza kupitisha maji, na maji yakikauka ndani huacha chumvi na matope yaliyogandamana na sahani. Ifungwe ikiwa na unyevu wake kwenye mfuko usiopitisha hewa na ipelekwe haraka kwa mwenye uwezo wa kuisafisha.

Kama imeamuliwa kwamba diski itapelekwa kwa mtaalamu, iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli, izungushiwe sponji nene pande zote, na isipakiwe pamoja na chaja au kitu kingine kigumu. Andika kwenye karatasi mambo machache: tukio lililoanza yote, ilikuwa imewashwa au imezimwa wakati huo, sauti uliyoisikia, hatua zote zilizokwisha kufanywa hata zile unazojutia, na mafaili unayoyahitaji kuliko mengine. Kipengele hicho cha mwisho hubadilisha kazi nzima, kwa sababu vichwa vilivyodhoofika huenda vikavumilia kusoma kwa saa chache tu, na anayejua kwamba kinachotafutwa ni folda moja ataanza na folda hiyo.